MUUNDI UKIVUNJIKA: KUTEMBEA NAKO NI DAWA



Jioni moja wakati wa mavuno ya mahindi, kijana mmoja wa kwetu Misima alikuwa akirudi nyumbani na pikipiki yake ya bodaboda. Alikuwa amempeleka abiria na sasa anarudi peke yake. Mbuzi akakatiza barabara. Kijana akafunga breki, pikipiki ikalala, na mguu wake wa kulia ukabaki chini ya chuma. Watu walisikia mlio kama kuni kavu inavyokatwa. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika.

Mama yake ni mwanakisomo wangu wa zamani. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, na hadi leo husoma kila karatasi inayopita mbele yake. Usiku ule alinipigia simu. "Mwalimu, njoo. Wazee wamekaa, na mimi sijui nishike lipi."

Nilipofika nilikuta maneno ni mengi. Mjomba wa kijana alitaka apelekwe kwa fundi wa kuunga mifupa. Baba mdogo alisema aende hospitali. Bibi yake alilia akisema hospitali watamkata mguu. Kijana mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka, anatokwa jasho, hasemi kitu.

Makala hii naiandika kwa sababu ya usiku ule na miezi iliyofuata. Mengi tuliyojifunza katika miezi hiyo tulikuwa hatuyajui, na mimi mwenyewe mwalimu nilikosea jambo moja kubwa. Nitalisema mbele.

MUUNDI NI MFUPA GANI?

Shika mguu wako chini ya goti, upande wa mbele. Utagusa mfupa mrefu, mgumu, ulio karibu sana na ngozi. Huo ndio muundi. Wengine huuita ugoko. Ndio unaobeba uzito wa mwili kutoka goti mpaka kifundo cha mguu.

Pembeni yake, upande wa nje, upo mfupa mwingine mwembamba. Huo haubebi uzito mwingi. Mifupa hii miwili imeunganishwa na utando imara, kama ngozi inavyowambwa kati ya miti miwili.

Kwa nini muundi huvunjika mara nyingi? Tazama ulivyokaa. Upande wa mbele na wa ndani hauna nyama ya kuukinga. Kati ya mfupa na dunia ipo ngozi tu. Pikipiki ikianguka, mguu huwa wa kwanza kubanwa. Tangu pikipiki zilipoenea vijijini katika miaka ya 2000, wauguzi wanaijua sana ajali hii. Lakini si pikipiki tu. Watu huanguka kwenye minazi na miembe, huangukiwa na magogo, huteleza mtoni.

Na kwa nini muundi huchelewa kuunga? Sababu ni ile ile. Mfupa huunga kwa chakula kinacholetwa na damu, na damu nyingi hupita katika nyama. Penye nyama chache damu huwa chache. Mkono wa mtoto unaweza kuunga kwa wiki chache. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi minne hivi, na wakati mwingine zaidi.

KUVUNJIKA KWA NAMNA MBILI

Kabla ya yote, tazama ngozi.

Namna ya kwanza, mfupa umevunjika lakini ngozi ni nzima. Mguu umevimba, umepinda, unauma, ila hakuna jeraha. Huku ni kuvunjika kwa ndani.

Namna ya pili, ngozi imepasuka pale pale mfupa ulipovunjika. Pengine mfupa unaonekana, pengine ni kidonda kidogo tu kama tundu la msumari. Huku ni kuvunjika kwa wazi. Usidanganyike na udogo wa kidonda. Uchafu wa barabara umeshapata mlango wa kufika kwenye mfupa. Mfupa ukiingiwa na usaha, mtu anaweza kuuguza miaka, na wapo wanaopoteza mguu au maisha.

Mtu aliyevunjika kwa wazi ni wa hospitali, tena saa ile ile. Huko ataoshwa kidonda kwa maji mengi safi, atapewa dawa za kuua vijidudu na kinga ya pepopunda, kisha madaktari wataamua namna ya kuushika mfupa. Hapa hakuna la kujadili barazani.

Kijana wetu alikuwa na bahati. Tulimulika kwa tochi, tukageuza macho pande zote. Ngozi ilikuwa nzima.

USIKU ULE TULIFANYA NINI?

Tulimwita mhudumu wa afya wa kijiji. Alipofika hakuukanda mguu wala hakuuvuta. Alifanya haya:

1. Aliukata mguu wa suruali kwa mkasi badala ya kuivua.

2. Alichukua mbao mbili ndefu, kutoka juu ya goti mpaka kupita kisigino. Akazizungushia kanga kuukuu ili zisichome. Hizo ndizo vibanzi.

3. Aliweka kibanzi kimoja upande wa ndani na kimoja upande wa nje, akafunga kwa vitambaa vipana. Alifunga juu ya goti, chini ya goti, na kwenye kifundo. Pale palipovunjika hakufunga.

4. Alibonyeza kucha ya kidole gumba cha mguu ikawa nyeupe, akaachia. Ikarudi kuwa nyekundu upesi. "Damu inapita," akasema. Akamwambia kijana achezeshe vidole. Vikacheza.

5. Alikataza mgonjwa asipakiwe kwenye pikipiki mguu ukining'inia. Tulitafuta gari, tukambeba juu ya kitanda cha kamba.

Kama kungekuwa na damu inayotoka, tungebana kidonda kwa kitambaa safi. Mfupa ukiwa umetokeza nje hausukumwi ndani. Unafunikwa tu.

Hospitalini alipigwa picha ya eksirei. Muundi ulikuwa umevunjika katikati kwa mshazari, na mfupa mwembamba nao umevunjika. Daktari alimpa dawa ya maumivu, akaunyoosha mguu, akafunga plasta ndefu kutoka pajani mpaka kwenye vidole. Hii ndiyo watu wetu huiita hogo.

KOSA LANGU

Kijana alirudi nyumbani na magongo. Baada ya wiki nne alikwenda tena hospitali. Uvimbe ulikuwa umeisha na maumivu yamepungua. Daktari akaikata ile plasta ndefu, akafunga nyingine fupi. Hii ilianzia chini tu ya goti na ilikuwa imefinyangwa vizuri kufuata umbo la mguu. Goti likawa huru. Chini ya unyayo akaweka kipande cha mpira wa tairi. Kisha akamwambia: "Sasa anza kukanyaga. Kidogo kidogo, na magongo yako. Maumivu ndiyo yatakayokuambia kiasi."

Mama alishtuka. Kijijini wote walishtuka. "Mfupa haujaunga, halafu akanyage?" Mama akaja kuniuliza. Na mimi, bila kumuuliza mtaalamu, nikajibu kwa uhakika kabisa: "Mama, mwache alale. Mguu uliovunjika unataka kupumzika. Daktari labda alikuwa na haraka."

Basi kijana akalala. Wiki tatu nzima hakukanyaga. Shavu la mguu likanywea. Goti likaanza kukakamaa. Akawa mnyonge, hana hamu ya kula. Siku ya kurudi hospitali daktari alitazama picha, akatazama mguu, akauliza: "Nani alikwambia usitembee?" Mama alinitazama mimi.

Nilijibu, "Ni mimi, daktari." Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimesomea ualimu, sikusomea mifupa. Daktari hakunikaripia. Alikaa kitako akatueleza, na haya yanayofuata ndiyo aliyotueleza, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe baadaye.

WAZO LILIKOTOKA

Kwa miaka mingi madaktari wengi waliamini kama nilivyoamini mimi. Katika karne ya 19 alikuwako daktari mashuhuri wa mifupa wa Wales, jina lake Hugh Owen Thomas. Alizaliwa mwaka 1834, akafariki mwaka 1891. Alifundisha kwamba mfupa ulioumia unahitaji pumziko kamili, la muda mrefu, bila kukatizwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba daktari huyu alitoka katika ukoo wa mafundi wa kuunga mifupa wa kijijini, kama hawa wa kwetu.

Pumziko lina faida yake, hasa siku za mwanzo. Lakini likizidi lina madhara. Misuli hunywea, viungo hukakamaa, mifupa hupungua nguvu, na mtu hukaa miezi bila kazi.

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja aliyezaliwa Colombia, Augusto Sarmiento, alikuwa akifanya kazi mjini Miami, Marekani. Alikuwa akiwatazama watu waliokatwa mguu chini ya goti wakitembea na miguu ya bandia. Mguu wa bandia wa namna ile hukumbatia kigutu chote na kuegemea chini ya kilemba cha goti. Akajiuliza: Ikiwa kigutu kinaweza kubeba uzito kikikumbatiwa vizuri, kwa nini mguu uliovunjika usiweze?

Akafinyanga plasta fupi kwa mtindo ule ule. Mwaka 1967 aliandika taarifa yake ya kwanza juu ya plasta hiyo. Baadaye badala ya plasta akatumia gamba la plastiki. Gamba hili lina vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, vinavyofungwa kwa mikanda. Chini lina bawaba inayounganika na kiatu, ili kifundo cha mguu kiweze kupinda. Goti huru, kifundo huru, mfupa umeshikwa.

KWA NINI MGUU HAUPINDI MTU ANAPOKANYAGA?

Hili ndilo swali la mama, na ndilo swali la kila mtu mwenye akili.

Fikiri juu ya gunia la mahindi. Gunia lililojazwa nusu, likiwa limelegea, ukilisimamisha linalala. Lakini lijaze, lishindilie, lishone mdomo. Sasa linasimama wima, na unaweza kupanga jingine juu yake. Mahindi ni yale yale na gunia ni lile lile. Kilichoongezeka ni kubanwa. Punje hazina pa kukimbilia, kwa hiyo zinabeba uzito.

Mguu ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna mfupa, lakini pia kuna nyama nyingi, na nyama imejaa maji. Plasta au gamba likiikumbatia nyama pande zote, nyama haina pa kukimbilia. Hapo mtu akikanyaga, nyama iliyobanwa inashika mfupa wima na kubeba sehemu ya uzito. Mwanzoni Sarmiento alidhani uzito unabebwa chini ya goti. Baadaye, kwa kupima, yeye na wenzake waligundua kwamba kazi kubwa hufanywa na hiyo nyama iliyobanwa.

Ule utando kati ya mifupa miwili nao husaidia. Mguu uliovunjika kwa ndani hufupika kidogo siku ile ile ya ajali. Utando usipochanika sana, hauruhusu mguu kufupika zaidi kwa sababu ya kutembea.

Jambo la tatu ni hili. Mtu anapokanyaga, ncha za mfupa husogea kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Msogeo huo mdogo huuamsha mwili. Mwili hujenga mfupa mchanga kuzunguka pale palipovunjika, kama fundi anavyozungushia udongo nguzo iliyolegea. Donge hilo la mfupa mchanga hukomaa na kuwa mfupa kamili. Kumbe kutembea hakuharibu kazi. Kutembea kunaita mafundi kazini!

MATOKEO YAKE

Mwaka 1995 Sarmiento na wenzake walitoa hesabu ya miundi 1,000 iliyovunjika kwa ndani na kutibiwa kwa gamba. Isiyounga ilikuwa kama 11 tu katika hiyo 1,000. Mingi iliunga ikiwa imenyooka, au imepinda kwa kiasi kidogo kisichomzuia mtu kazi.

Lakini tuelewane vizuri. Wagonjwa wale walichaguliwa. Mguu uliofupika mno tangu mwanzo hawakuutia katika gamba. Kwa hiyo dawa hii si ya kila mtu. Haifai, au inahitaji uangalifu mkubwa, katika hali hizi:

– Kuvunjika kwa wazi penye jeraha kubwa.
– Mguu uliofupika sana siku ya kwanza.
– Mfupa uliovunjika ndani ya goti au ndani ya kifundo.
– Mtu aliyeumia sehemu nyingi kwa pamoja.
– Mguu uliokufa ganzi, kwa sababu mtu hatasikia gamba likimchubua.
– Mfupa mwembamba ukiwa mzima. Hapo muundi peke yake huweza kupinda kuelekea ndani, na picha za eksirei lazima zifuatiliwe kwa karibu.

Watu wa namna hii huweza kuhitaji upasuaji. Huwekewa chuma ndani ya mfupa, au vyuma vya nje vinavyoushika mfupa kwa pini. Kuna chuma kimoja kinachotumika katika hospitali za Tanzania, kinachotolewa na shirika la SIGN la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999. Kimetengenezwa ili daktari aweze kukiweka bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, ilifanya utafiti pamoja na wataalamu wa Marekani kwa watu 240 waliovunjika muundi kwa wazi. Walilinganisha chuma cha ndani na vyuma vya nje. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti kubwa katika usaha wa ndani na kurudiwa upasuaji.

Kwa hiyo bibi yetu aelewe kwamba hospitali si mahali pa kukatia miguu. Miguu mingi inayokatwa ni ile iliyochelewa kufika.

NA FUNDI WA MIFUPA WA KIJIJINI?

Mjomba wa kijana hakuwa mjinga. Mafundi wa jadi wameunga mifupa tangu zamani. Tena tazama wanavyofanya. Hufunga vijiti au mianzi kuzunguka mguu, huacha viungo huru, na huanza mapema kumwambia mgonjwa asogee. Wazo hilo linafanana na gamba la Sarmiento. Tusiwacheke wazee wetu.

Hatari iko mahali pawili. Kwanza, fundi hana eksirei, hivyo haoni mfupa umekaaje. Pili, na hii ndiyo kubwa, ni kufunga kwa kukaza. Mguu uliovunjika huendelea kuvimba siku mbili tatu za mwanzo. Vijiti vilivyokazwa asubuhi, jioni vimekuwa kitanzi. Damu haipiti, na nyama hufa.

Katika kijiji kimoja nilichowahi kufundisha, alikuwako mtoto wa darasa la nne aliyevunjika muundi kwa kuanguka mwembeni. Ngozi yake ilikuwa nzima. Alifungwa vijiti vikakazwa. Usiku alilia, akaambiwa avumilie, ndiyo dawa inafanya kazi. Siku ya tatu akanyamaza. Watu wakafurahi. Alinyamaza kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Hospitalini hawakuwa na njia ila kuukata. Mtoto yule alikuwa na muundi ambao ungeweza kuunga.

Ndiyo maana nasema: kilio cha mgonjwa ni habari. Kisikilizwe.

DALILI ZA HATARI

Iwe amefungwa vijiti, iwe amefungwa plasta hospitalini, mrudishe hospitali mara moja, hata usiku wa manane, ukiona:

– Maumivu yanazidi badala ya kupungua, na dawa haisaidii.
– Maumivu makali mtu mwingine anapomnyoosha vidole vya mguu.
– Vidole vimekuwa baridi, vimepauka au vina rangi ya bluu.
– Ganzi, au mgonjwa hawezi kuchezesha vidole.
– Harufu mbaya, usaha, au homa.

Kama ni vijiti, vilegeze wakati ule ule. Usingoje ruhusa ya mtu.

MTU MWENYE PLASTA AU GAMBA AFANYE NINI?

Siku za mwanzo auinue mguu juu ya mto au gunia la majani makavu, na achezeshe vidole kila mara. Plasta isilowe. Asiingize kijiti ndani kujikuna, maana kidonda kidogo ndani ya plasta huwa kikubwa bila kuonekana.

Akiambiwa akanyage, akanyage. Aanze na magongo mawili, uzito kidogo, kisha aongeze kadiri maumivu yanavyopungua. Jioni mguu ukivimba, auinue.

Mwenye gamba la plastiki akaze mikanda kila siku, kwa sababu uvimbe ukiisha gamba hulegea. Gamba lililolegea ni kama gunia lililojazwa nusu. Avae soksi safi ndani yake. Asilivue moja kwa moja mpaka daktari aone katika picha kwamba mfupa umeunga. Wengi hujiona wamepona mwezi wa pili, wakavua, wakarudi shambani, mguu ukapinda.

Ale maharage, dagaa, mayai, maziwa na mboga za majani akivipata. Mfupa hujengwa kwa chakula. Na aache sigara. Imethibitika kwamba tumbaku huchelewesha muundi kuunga.

Kuhusu mahali pa kwenda, anza na zahanati au kituo cha afya. Watakuelekeza hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya mkoa ya Bombo, Tanga. Magamba ya plastiki hutengenezwa na mafundi wa viungo bandia. Chuo chao, TATCOT, kiko Moshi karibu na hospitali ya KCMC, nacho kilianzishwa mwaka 1981. Lakini pasipo gamba, plasta fupi iliyofinyangwa na fundi hodari hufanya kazi ile ile. Usikate tamaa kwa kuwa Moshi ni mbali.

MWISHO WA HABARI

Baada ya maelezo ya daktari, kijana alianza kukanyaga. Siku ya kwanza alitoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi. Mama alitembea pembeni yake mikono imetandazwa, kama anayemfundisha mtoto mchanga. Wiki ya pili alifika barabarani. Mwezi wa tano tangu ajali picha ilionyesha mfupa umeunga. Plasta ikakatwa. Mguu ule ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, ila asipokwambia huwezi kujua. Sasa amerudi kazini, na mbuzi akimwona anapunguza mwendo.

Nami nimejifunza. Mtu akikuamini kwa sababu wewe ni mwalimu, usimjibu usilolijua. Mwambie, "Twende tukaulize." Wiki tatu nilizompotezea kijana yule siwezi kumrudishia. Ila wewe, ndugu msomaji, ukisoma makala hii utaweza kumwokolea mwenzako wiki zake.

MAANA YA MANENO

Bawaba: kiungo kinachoruhusu kitu kupinda, kama cha mlango.
Eksirei: picha inayoonyesha mifupa ndani ya mwili.
Gamba: kifuniko kigumu kinachokumbatia mguu.
Muundi: mfupa wa mbele wa mguu, kati ya goti na kifundo.
Utando: kitu chembamba kilichotandazwa, kama ngozi.
Vibanzi: mbao au vijiti vya kushikilia mfupa uliovunjika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja tofauti kati ya kuvunjika kwa ndani na kuvunjika kwa wazi. Kupi kunahitaji haraka zaidi?
2. Kwa nini mtoto aliyeanguka mwembeni alinyamaza siku ya tatu?
3. Eleza kwa mfano wa gunia jinsi gamba linavyoshika mfupa.
4. Kijijini kwenu mtu akivunjika usiku, gari linapatikana kwa nani? Andikeni namba yake mahali ambapo kila mtu ataiona.
5. Mwalikeni fundi wa mifupa wa kijiji na mhudumu wa afya waketi pamoja. Kila mmoja ana la kumfundisha mwenzake?